Mbio za magari kutoka ndani ya gereji: uanze na mfululizo upi kati ya hii minne?

Vijana watatu wa gereji ya shemeji yangu pale Majengo, Moshi, wamechanga pesa ya kulipia filamu za mtandaoni. Mwezi mmoja tu, huduma moja tu. Wanataka kuziona mbio za magari kutoka ndani: mafundi wanavyohangaika usiku, madereva wanavyoongea wakishavua helmeti, wakuu wa timu wanavyogombania mikataba. Wanajua nimeiangalia mifululizo ya aina hiyo, mingine mara mbili, kwa hiyo wakaniuliza, "Mjomba, tulipie upi?"

Nilishindwa kuwajibu kwa neno moja, maana kila mmoja anatafuta kitu chake. Wa kwanza ni fundi injini na hapendi maneno mengi. Wa pili anaendesha bodaboda alfajiri na kushika spana mchana. Wa tatu ni binti wa miaka kumi na tisa anayesomea ufundi wa magari, amekuja kwa mafunzo ya vitendo, na anawazidi wote kwa maswali. Halafu kuna shemeji mwenyewe, ambaye akifunga gereji hataki tena kusikia habari ya gari, lakini runinga ni yake.

Nimewaandikia haya wao, na yeyote aliyekwama mahali hapo hapo.

Mifululizo yenyewe ni minne. Formula 1: Drive to Survive na F1: The Academy ni ya Netflix. Grand Prix Driver na MotoGP Unlimited ilitengenezwa kwa ajili ya Prime Video ya Amazon. Kwa anayelipia huduma moja, hapo uamuzi umeshakatwa nusu. Kabla hujatoa pesa, tafuta jina la mfululizo kwenye tovuti ya huduma uone kama unapatikana ukiwa Tanzania, kwa sababu haki za kuonyesha hubadilika kimya kimya.

Vigezo nilivyotumia

Nimeipima kwa mambo matano. La kwanza nimeliita mlango: nani alikubali kupigwa picha, na kamera iliruhusiwa kufika wapi. La pili ni ukweli, yaani uhariri umekaa karibu kiasi gani na kilichotokea uwanjani. La tatu ni ufundi: je, mtu anayeshika spana ataona kitu cha kumfaa? La nne ni kueleweka, kwa mgeni wa mchezo na kwa mtu ambaye Kiingereza chake si cha kila siku. La tano ni muda na bando.

Bando nilizungumzie sasa hivi, maana hesabu yake haitofautiani sana. Netflix wanaeleza kwamba ubora wa chini hula kama GB 0.3 kwa saa, ubora wa kati GB 0.7, na picha kali ya HD kwenye runinga hufika GB 3 kwa saa. Vipindi kumi vya dakika arobaini ni karibu saa saba. Kwa ubora wa kati ni kama GB 5, kwa ubora wa chini ni GB 2, na kwenye simu ubora wa chini unatosha kabisa. Ukiiacha programu ijichagulie yenyewe, vipindi vitatu vinaweza kumaliza bando la wiki na usijue limeenda wapi. Programu zote mbili zinaruhusu kupakua kipindi na kukiangalia baadaye bila mtandao. Mwenye rafiki anayefanya kazi mahali penye Wi-Fi amepona.

Drive to Survive

Huu ndio uliofanya watu ambao hawajawahi kuangalia mbio hata mara moja wajue majina ya madereva wa Formula One (F1), daraja la juu la mbio za magari duniani. Ulianza Machi 2019 ukionyesha msimu wa 2018, na tangu hapo kila mwaka, kabla ya mbio mpya kuanza, wanatoa simulizi ya mwaka uliopita. Watengenezaji ni Box to Box Films ya Uingereza. Misimu saba ya kwanza ina vipindi kumi kumi.

Mlango. Mwaka wa kwanza Mercedes na Ferrari, timu zilizokuwa zinagombea ubingwa, zilikataa kushiriki. Kamera zikabaki na timu za katikati na za mkiani, na naamini hapo ndipo mfululizo huu ulipopata roho yake. Guenther Steiner, mkuu wa timu ndogo ya Haas wakati huo, akawa kipenzi cha watu dunia nzima kwa sababu anaongea kama msimamizi wa gereji yoyote siku ambayo gari la mteja limeharibikia mikononi mwa vijana wake.

Chukua mashindano ya Australia 2018. Haas wako nafasi ya nne na ya tano. Wangemaliza hivyo, yangekuwa matokeo bora kuliko yote tangu timu ianze 2016. Kevin Magnussen anaingia kubadilisha matairi, anatoka, gari linasimama. Mizunguko michache baadaye Romain Grosjean anaingia, anatoka, gari linasimama. Kosa ni lile lile: nati ya tairi haikukaa. Gari la Formula One lina nati moja tu katikati ya kila rimu, na kazi nzima ya kutoa matairi manne na kufunga mengine manne huchukua sekunde mbili na ushee. Rekodi, ya McLaren huko Qatar 2023, ni sekunde 1.80. Kwa kasi hiyo, nati ikiingia mshazari kwenye nyuzi, fundi anainua mkono kwamba tayari, kumbe tairi linacheza. Niliwaonyesha vijana wa Majengo sehemu hiyo kwenye simu yangu. Walinyamaza. Fundi injini akainuka, akachukua spana ya magurudumu, akaenda kukagua upya Noah aliyokuwa ameifunga mchana.

Ukweli. Lawama nyingi ziko hapa. Max Verstappen alikataa kuhojiwa kwa ajili ya msimu unaohusu 2021, mwaka ule ule aliochukua ubingwa wake wa kwanza, akisema watengenezaji walikuwa wamebuni uhasama ambao haukuwepo. Alirudi baadaye. Mashabiki nao walilalamika kwamba Lando Norris na Carlos Sainz, ambao walikuwa marafiki ndani ya timu moja, walionyeshwa kama mahasimu, na kwamba maneno ya redioni kati ya dereva na timu wakati mwingine yamehamishwa kutoka tukio moja kwenda jingine. Kwa hiyo matokeo ya mbio unaweza kuyaamini. Nani alisema nini, lini, akiwa amekasirika kiasi gani, usiuapie.

Lakini yako mambo ambayo mhariri hana la kuongeza. Tarehe 29 Novemba 2020, Bahrain, mzunguko wa kwanza, gari la Grosjean liligonga uzio wa chuma kwa kasi ya kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili, likalipuka. Alikaa ndani ya moto kwa sekunde 28 hivi. Pale uwanjani watu hawakujua kama yu hai. Kisha mtu anatokea kwenye ule moto, mguu mmoja hauna kiatu, anauruka uzio, daktari anamdaka. Kilichomwokoa kichwa chake ni halo, ule upinde mgumu juu ya kiti cha dereva ambao ulilazimishwa mwaka 2018, na Grosjean mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioupinga. Nimeiona sehemu hii mara nne. Kila mara nasimama.

Ufundi. Ni kidogo. Utaona mafundi wakikimbia, utasikia kwamba gari halina kasi, lakini ni nadra kuelezwa kwa nini. Fundi injini wetu atachoka kabla ya kipindi cha tatu.

Kueleweka. Hapa hauna mpinzani. Kila kipindi kina watu wawili watatu na jambo lao moja, maelezo yanatolewa polepole, na mtu asiyejua chochote haachwi nyuma. Mazungumzo ni Kiingereza cha kila lafudhi, lakini sura za watu zinaongea zenyewe. Dada yangu, ambaye hatofautishi gia na klachi, aliufuata bila mtu wa kumtafsiria.

Muda na bando. Ni mwingi kupita kiasi ukitaka kuumaliza wote, na mwezi mmoja hautoshi kwa mtu anayefanya kazi. Habari njema ni kwamba hulazimiki kuanza mwanzo. Msimu wa kwanza, halafu wa tatu wenye ajali ya Grosjean, halafu wa nne wa Lewis Hamilton na Verstappen wakigombea ubingwa wa 2021 hadi mzunguko wa mwisho huko Abu Dhabi: ukiona hiyo mitatu umeonja kilicho bora.

Unamfaa anayependa watu kuliko mashine, na nyumba yenye watazamaji mchanganyiko.

Grand Prix Driver

Vipindi vinne tu, vilitoka Februari 2018, na msimuliaji ni mwigizaji Michael Douglas.

Mlango. Ni mmoja, ila umefunguliwa hadi chumba cha ndani. Kamera zimekaa na timu ya McLaren kwenye makao yake ya Woking, Uingereza, wakati inajenga gari la 2017. Fernando Alonso, bingwa mara mbili, anatafuta gari la kumrudisha juu. Stoffel Vandoorne, kijana wa Ubelgiji, anaingia kwenye msimu wake wa kwanza kamili. Zak Brown ndio kwanza amepewa uongozi. Na Honda, wanaoleta injini, wanaingia mwaka wa tatu wa ndoa ambayo haijawahi kuwa na amani.

Ufundi. Kwangu hii ndiyo sababu ya kuutafuta. Gari linaanza likiwa vipande, linafungwa, rangi ya chungwa inarudi, wageni wanapiga makofi siku ya uzinduzi, halafu linapelekwa Barcelona kwa majaribio. Siku ya kwanza tu, mfumo wa oili unaleta shida na Alonso anabaki gereji sehemu kubwa ya siku huku wenzake wanazunguka. Shida za injini zinafuata. Ukitaka kujua gereji ya kuchosha kuliko zote ikoje, ni ile ambayo watu waliosoma sana, wenye vifaa vya kila aina, wamesimama kuzunguka gari ambalo halitoki nje. Wanavyoinama, wanavyoitazama kompyuta, wanavyozungumza kwa sauti ya chini ili bosi asisikie kitu kabla hawajawa na hakika nacho: fundi yeyote wa Majengo au wa Unga Limited kule Arusha atawatambua.

Ukweli. Haukuhitaji kuchochea ugomvi, kwa sababu tatizo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko watu. Kasoro yake ni kwamba unaishia mwanzoni mwa msimu, kwa hiyo hukumu unabaki nayo mkononi. Iliyofuata ni hii: McLaren walimaliza 2017 wakiwa wa tisa kati ya timu kumi, wakiwa na pointi 30, wakaachana na Honda. Miaka minne baadaye Verstappen akawa bingwa wa dunia akisukumwa na injini ya Honda. McLaren nao walingoja hadi 2024 kuchukua tena ubingwa wa timu, wa kwanza kwao tangu 1998. Ukiujua mwisho huo, angalia upya nyuso za wahandisi wa Kijapani wakiwa wanalaumiwa. Inauma, na inafundisha subira kuliko hotuba yoyote.

Kueleweka. Si rahisi sana. Wahandisi wanaongea haraka na hawamsubiri mtu. Asiyejua mchezo ataelewa kwamba gari limekorofisha, ila hataelewa kwa nini kila mtu anaogopa hivyo.

Muda na bando. Jioni mbili umemaliza. Kwa bando dogo hakuna unaouzidi.

Unamfaa fundi, mwanafunzi wa ufundi, na mtu aliyewahi kusimamia kazi yenye tarehe ya kukabidhi ambayo haisogezwi.

MotoGP Unlimited

Mfululizo huu ni wa MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, na kwa mji kama Moshi, ambako bodaboda ndizo zinazobeba mji mzima kutoka Pasua hadi KCMC, nashangaa haujulikani zaidi. Ulitoka Machi 2022, vipindi vinane, ukionyesha msimu wa 2021. Haukupata msimu wa pili.

Kuna kijana wa bodaboda karibu na stendi kuu mwenye stika ya namba 46 ya njano kwenye tangi. Nilimuuliza ni namba ya nani. Akasema aliikuta dukani, akaipenda. Ni namba ya Valentino Rossi, Mwitaliano mwenye mataji tisa ya dunia, na msimu unaoonyeshwa hapa ndio wake wa mwisho. Alitangaza kustaafu Agosti, akakimbia mara ya mwisho huko Valencia mwezi Novemba akiwa na miaka 42.

Mlango. Umefunguliwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Marc Márquez, dereva wa Kihispania, alikuwa amevunjika mfupa wa juu wa mkono wa kulia huko Jerez, Julai 2020, akafanyiwa upasuaji mara tatu, akakosa karibu msimu mzima. Anarudi Aprili 2021. Mwezi Juni anashinda Ujerumani, siku 581 baada ya ushindi wake uliotangulia. Fabio Quartararo anakuwa Mfaransa wa kwanza kuchukua ubingwa wa daraja la juu. Msimu huo pia ulikuwa na msiba: Jason Dupasquier, kijana wa miaka 19 wa Moto3, daraja la chini, alikufa baada ya ajali ya Mugello mwezi Mei, na wenzake wa daraja la juu wakasimama kwa ukimya, kisha wakavaa helmeti wakaenda kukimbia.

Ukweli. Sijaona uhasama wa kupikwa, na haukuhitajika. Maverick Viñales alishinda mbio za kwanza za mwaka akiwa na Yamaha. Huko Ujerumani akamaliza wa mwisho. Wiki iliyofuata akawa wa pili huko Assen, kesho yake ikatangazwa kwamba wanaachana mwisho wa mwaka. Kisha Agosti, huko Austria, akaizungusha injini kupita kiasi kwa namna ambayo Yamaha waliiona kwenye kumbukumbu za kompyuta za pikipiki, wakamsimamisha. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anaendesha Aprilia. Mtu aliyefanya kazi na mashine anajua uzito wa kuiumiza injini ukiwa umeikalia. Nilipomsimulia kijana wetu wa bodaboda, aliniuliza swali moja tu: "Na iliyokuwa inamlisha?"

Lugha imeleta kasoro moja. Ulipotoka mara ya kwanza, Wahispania na Waitaliano walikuwa wamewekewa sauti za Kiingereza juu ya zao, mashabiki wakalalamika, na toleo lenye sauti halisi likaongezwa. Chagua sauti halisi na maandishi chini. Sauti ya Márquez anapoeleza maumivu haitafsiriki na mtu mwingine.

Ufundi. Wa wastani kwa upande wa injini, mkubwa kwa upande wa mwili. Pikipiki ya cc 1000, isiyopungua kilo 157, inayopita kilomita 350 kwa saa, inalazwa kwenye kona zaidi ya nyuzi 60 hadi kiwiko cha dereva kinasugua lami. Suti zao zina mfuko wa hewa ndani unaofumuka dereva anapoanguka, na ni lazima tangu 2018. Ninasema hili kwa moyo wangu wote kwa vijana wa bodaboda: yale ni matairi ya mbio, lami isiyo na shimo wala mchanga, na daktari anayesubiri pembeni. Msiende kujaribu zile kona barabara ya Kibosho, tena na abiria.

Kueleweka. Kwa anayejua pikipiki, hakuna shida. Kwa mwingine, majina ni mengi na maandishi ya chini yanakwenda mbio.

Muda na bando. Vipindi vinane ni virefu kidogo, wiki mbili za jioni bila haraka.

Unamfaa mwendesha pikipiki wa aina yoyote, na mtu anayetaka kujua mwili wa binadamu unaweza kuvumilia nini.

F1: The Academy

Huu ni mpya kuliko yote, ulitoka Mei 2025, vipindi saba kuhusu msimu wa 2024 wa mashindano ya wanawake yaliyoanza 2023. Anayeyasimamia ni Susie Wolff, ambaye mwaka 2014 aliendesha gari la Williams kwenye mazoezi rasmi ya Formula One pale Silverstone. Ujue tu kwamba mwanamke wa mwisho kuanza mbio za Formula One ni Lella Lombardi wa Italia, mwaka 1976.

Mlango. Mwaka huo kila timu kati ya kumi za Formula One ilimdhamini dereva mmoja, kwa hiyo nembo zile zile za wakubwa unaziona kwenye magari madogo. Wasichana wanapigwa picha nyumbani, wakiwa na wazazi, wakihesabu pesa. Bianca Bustamante wa Ufilipino, Doriane Pin wa Ufaransa, Abbi Pulling wa Uingereza aliyeibuka bingwa. Sheria ya mashindano wakati huo ilimpa dereva misimu miwili, basi. Usipopata pa kwenda baada ya hapo, umebaki na picha.

Ukweli. Umepambwa kiasi, maana wenye mashindano wanataka yajulikane. Lakini tukio la Jeddah halikuhitaji pambo. Pin anavuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza, redio haifanyi kazi, hajui kwamba mbio zimekwisha, anaendelea kwa kasi mzunguko mwingine. Anapewa adhabu ya sekunde 20, anashuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tisa, na ushindi unakwenda kwa Pulling. Binti wetu wa gereji alikasirika kwa niaba yake: "Sasa kosa lake ni lipi, si redio?" Tulibishana nusu saa. Bendera ya miraba, ile ya kumaliza mbio, ilipepea, naye alipaswa kuiona. Yeye bado hakubali.

Ufundi ni mdogo, na sitaupaka mafuta. Magari yote yanafanana, kwa hiyo habari ni dereva na pesa. Kueleweka ni rahisi, karibu sawa na Drive to Survive. Kwa muda, wikiendi moja inautosha.

Unamfaa msichana anayeambiwa gereji si mahali pake, mzazi wake, na yeyote anayetaka kujua mtu anaingiaje kwenye mchezo huu na ni wangapi wanaoishia mlangoni.

Na rali je?

Najua mtaniuliza, kwa sababu huku kwetu mbio za magari maana yake ni vumbi. Kati ya hii minne hakuna unaohusu rali, na nasikitika. Safari Rally ilipoanza 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Wazee wa hapa mjini wakiiona 404 bado wanaigusa boneti. Safari Rally yenyewe ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha. Simulizi ya ndani ya rali ile, iliyosimuliwa kwa Kiswahili na watu waliosimama kando ya barabara, ningeilipia leo hii.

Uchague kulingana na hali yako

Kama runinga ni moja na wanaoitazama hawafanani, lipia Netflix, anza na Drive to Survive msimu wa kwanza, na kipindi cha nati za Haas kiwe cha kwanza. Shemeji atakaa. Mwezi ukibaki, malizieni na The Academy, hamtalipa zaidi.

Kama wewe ni fundi na unataka kuona kazi yenyewe kuliko maneno, lipia Prime Video mwezi mmoja: Grand Prix Driver jioni mbili za mwanzo, MotoGP Unlimited siku zinazobaki. Kwa bodaboda ni hivyo hivyo, ila geuza mpangilio.

Kama una GB 2 tu na simu, Grand Prix Driver kwa ubora wa chini, na usiguse kingine.

Kama Kiingereza kinakusumbua, epuka kuanza na McLaren. Anza na Drive to Survive au The Academy, na mkiwa kundi, mmoja anayeelewa asimamishe kila baada ya dakika kadhaa aeleze, kama wanavyofanya wale wanaotafsiri filamu kwenye vibanda. Mimi ndiye nitakayefanya hivyo Majengo.

Kama tayari unaangalia mbio zenyewe kila wikiendi, Drive to Survive utakuudhi na MotoGP Unlimited utakushika, hata kama hujawahi kupanda pikipiki.

Na kama una mtoto wa kike anayezunguka zunguka gereji na kuuliza maswali, msimsubirishe hadi mwisho wa mwezi. Binti wetu ameshapewa kipindi cha Jeddah kwenye simu yangu, nusu ya bando langu la wiki imekwenda, na amesema Jumamosi analeta kaka zake wawili waje waamue ile kesi ya redio.